Simba, Kaa, Nge na Mizani: tathmini ya kikao na mnajimu mjini Tanga

Huduma ninayoitathmini hutolewa katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya zamani mjini Tanga, na mwenye kuitoa ni mzee wa makamo ambaye sitamtaja, kwa kuwa ninayotaka kuyasema juu ya kazi yake yanaeleweka bila ya jina lake. Kikao cha karibu saa moja ni shilingi 30,000, na ndani yake mteja hupata kuhesabiwa nyota, kuelezwa tabia zake na kujibiwa swali moja. Dawa na talasimu, yaani karatasi za kinga zilizoandikwa kwa zafarani, huuzwa kwa malipo ya peke yake, jambo ambalo mteja halijui mpaka kikao kinapokaribia kwisha.

Swali langu lilikuwa la kawaida kwa watu wa pwani. Nilipewa nafasi ya kazi Muscat, kwenye ofisi ya mizigo anakofanya kazi binamu yangu, nikatakiwa kujibu ndani ya wiki mbili. Hapa Tanga nina kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, kazi isiyotajirisha wala isiyolaza njaa. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu zote za mshahara, kodi ya nyumba na nauli, na kila nilipozimaliza nilijikuta nazianza upya. Mtu aliyefika hapo ndiye mteja halisi wa mnajimu, kwani hakosi maarifa bali anakosa pa kuyaweka.

Nilipiga hodi, nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha mkekani. Hakuniuliza tarehe ya kuzaliwa. Aliniuliza jina langu, kisha jina la mama yangu, akayaandika yote mawili kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari la mistari. Hii ni hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ina thamani yake, kuanzia alifu yenye 1 hadi ghaini yenye 1,000. Majina mawili hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachotaja burji, yaani moja ya nyota kumi na mbili za unajimu. Hutumika jina la mama kwa sababu, kama wanavyosema wenyewe, uzazi wa mama hauna shaka.

Alihesabu kwa sauti, nami nilimfuata kwa macho. Ali ina aini, lamu na ye, yaani 70, 30 na 10, jumla 110. Fatuma, kama inavyoandikwa Kiarabu, ina fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40 na te marbuta mwishoni, yenye umbo la he iliyowekewa nukta mbili, ambayo aliihesabu kama he, yaani 5, ikawa 135. Jumla kuu ni 245. Ukigawanya kwa 12 inabaki 5, na burji ya tano, baada ya Hamali, Thauri, Jauza na Saratani, ni Asadi. Mimi, basi, ni Simba.

Kwa kuwa nilisoma chuo cha Kurani utotoni na bado nazikumbuka herufi, nilimwuliza ingekuwaje kama ile te ya mwisho ingehesabiwa kwa thamani ya te yenyewe, ambayo ni 400. Alinyamaza, akaandika pembeni mwa ukurasa: jumla inakuwa 640, inabaki 4, na nne ni Saratani, yaani Kaa. Akacheka, akasema, “Mwanangu, mwalimu wangu alihesabu tano, nami nahesabu tano.” Nilimpenda kwa jibu hilo kuliko kwa lolote alilolisema baadaye. Hata hivyo, tabia yangu yote, mke anayenifaa na safari inayoniongoza vilikuwa vimesimama juu ya nukta mbili za herufi moja katika jina la mama yangu.

Nilipofika nyumbani nilitafuta mizani ya kumlinganisha. Nimezaliwa Alhamisi ya tarehe 14 Novemba 1985, na kwa hesabu ya magazeti yetu, inayofuata tarehe ya kuzaliwa, mimi ni Nge. Lakini magazeti nayo yana deni. Hesabu hiyo inatokana na mpangilio ulioandikwa kwa urefu na Ptolemy wa Alexandria katika karne ya 2, na tangu wakati huo mhimili wa dunia umekuwa ukizunguka polepole kama pia ya watoto inayolegea, kiasi cha digrii 1 kwa kila miaka 72 hivi, hata majina ya buruji yakaachana na nyota zenyewe kwa karibu burji nzima. Siku niliyozaliwa, jua lilikuwa mbele ya nyota za Mizani. Nikawa na nyota nne, na kila moja ina mtaalamu wa kuitetea.

Nilijaribu pia programu moja ya simu ya kuchora ramani ya mbingu ya siku ya kuzaliwa, ambayo hutaka saa na mji. Mama alikuwa amenitajia zamani kwamba nilizaliwa saa mbili usiku, nami kwa haraka nikaandika mbili kama ilivyo, programu ikaielewa kuwa saa nane za usiku wa manane. Ikanipa Mashuke kuwa burji iliyokuwa ikichomoza upeo wa mashariki. Niliposahihisha saa ikawa Mapacha. Kwa wastani burji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili, hivyo kosa la saa sita si dogo hata kidogo, na nina hakika kuna Waswahili wengi wanaosoma kila asubuhi habari za mtu mwingine kwa sababu saa zetu huanza na jua. Simzungumzii hata yule aliyezaliwa “wakati wa masika” akaandikiwa tarehe 1 Januari siku ya kuandikishwa shule.

Kuna jambo moja katika hesabu ya abjadi ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa. Kwa hesabu ya tarehe, Kulwa na Doto wana nyota moja, na tangu kale wapinzani wa unajimu wamewatumia pacha kama hoja, kwani wanazaliwa kwa pamoja na kuishi mbalimbali. Kwa hesabu ya majina pacha hao wanaweza kupata nyota tofauti, lakini kila Ali mwana wa Fatuma, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni Simba mmoja. Katika shule yangu ya msingi tulikuwa watatu. Mmoja ni nahodha, mmoja ni fundi cherehani, na wa tatu ndiye huyu anayeandika.

Turudi mkekani. Baada ya hesabu alinisomea tabia zangu: kwamba naonekana mkali nje lakini ndani nina huruma, kwamba nimewasaidia watu wengi kuliko walionisaidia, kwamba kuna fedha iliyokaribia kuingia mkononi ikakwama, na kwamba huwa nacheka na watu huku moyoni nina jambo. Nakiri kuwa nilitetemeka. Kesho yake niliyaandika maneno hayo na kuwasomea wenzangu watatu ofisini, kila mmoja peke yake, nikimwambia kuwa ni nyota yake; wote watatu walikubali, na mmoja aliniuliza nani amenipa habari za ile fedha. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwafanyia wanafunzi wake 39 jambo kama hilo, akawapa wote maelezo yale yale na kuwataka wayape alama kwa usahihi wake. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Sehemu kubwa ya maelezo hayo aliitoa katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa mtaani.

Na kwa kuwa mtu anaweza kudai kwamba wanajimu hodari hawasemi maneno ya jumla, kuna jaribio la Shawn Carlson, lililochapishwa katika jarida la Nature tarehe 5 Desemba 1985, siku 21 tu baada ya mimi kuzaliwa. Wanajimu 28 walipewa ramani za kuzaliwa za watu wasiowajua, na kwa kila ramani wakapewa maelezo matatu ya tabia yaliyotokana na kipimo cha kisaikolojia, moja likiwa la mwenye ramani. Walitarajia kupatia nusu ya mara. Walipatia karibu theluthi, ambayo ndiyo angeipata mtu anayebahatisha.

Baada ya hayo msomaji atadhani kuwa najutia zile shilingi 30,000, na hapo ndipo tathmini yangu inapopinda kidogo. Alipomaliza tabia alifunga daftari, akaniuliza kuhusu Muscat, akanisikiliza kwa dakika zisizopungua ishirini bila kushika simu. Kisha akauliza, “Na Fatuma anasemaje?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezungumza na mke wangu, na binamu, na mkubwa wangu wa kazi, hata na dereva mmoja wa malori, lakini mama, anayeishi mitaa mitatu kutoka kwangu, sikuwa nimemwambia neno. Katika dakika hiyo nilijua kwa nini hesabu zangu hazikuwa zikifika mwisho.

Nimelifikiria sana swali hilo. Sidhani nyota ndiyo iliyolileta. Naona lililetwa na utaratibu wa kazi yenyewe, ambao humtaka mteja amtamke mama yake mbele ya mtu mgeni kabla hajasema shida yake, na mzee aliyekaa mkekani miaka mingi amejifunza kutazama uso wa mtu anapolitamka jina hilo. Programu ya simu, pamoja na ramani yake nzuri, haikunitaka nimtaje mtu yeyote. Ikiwa kujijua ndiko unakokutafuta, kipo kitu kwenye mkeka ule, ila kimewekewa jina lisilokuwa lake.

Ubovu wa huduma ulianza pale alipohama kutoka kuuliza kwenda kuamuru. Mwanzoni alikuwa ameniambia kwa upole kwamba nyota huashiria tu na mwenye kuamua ni Mola, maneno yanayokaa vizuri katika masikio ya mtu aliyelelewa na imani ya kadha na kadari, yaani makadirio ya Mungu. Wanazuoni wamebishana juu ya jambo hili kwa karne nyingi, na rai iliyoenea pwani yetu, ile ya mwanazuoni Ashari, ni kwamba Mungu ndiye muumba wa tendo na mja ndiye anayelichuma, kwa hiyo mja huulizwa juu yake. Mja huyo hawezi kwenda kuisukumia burji dhima yake. Lakini dakika chache baadaye mzee yule yule alinikataza kutia saini karatasi yoyote ndani ya Mfunguo Tano, kwa kuwa ni mwezi wa nuhusi, yaani wa mkosi, na hasa Jumatano yake ya mwisho. Muda wangu wa kujibu ulikuwa unaishia ndani ya mwezi huo huo. Nilimkumbusha hadithi ya Mtume inayokanusha mkosi wa mwezi wa Safar, ambao ndio Mfunguo Tano wetu. Akasema hayo ni ya wanazuoni, na yeye ni mtu wa falaki, elimu ya nyota.

Kisha likaja lile ambalo kwalo siwezi kumwelekeza mtu yeyote kwake. Akasema nyota yangu imefunikwa na mtu wa karibu, wa damu, mwenye kucheka nami, na kwamba kuisafisha ni shilingi 180,000, talasimu ikiwemo. Alijua nina binamu Muscat, maana nilimwambia mwenyewe. Sikulipa, lakini neno lilikuwa limekwisha ingia, na kwa siku mbili kila ujumbe wa binamu niliusoma mara mbili nikitafuta hila ndani yake. Mnajimu anaweza kukosea burji bila ya kumdhuru mtu. Akikukosanisha na ndugu ili auze karatasi ya zafarani, ametoka kabisa katika kazi aliyolipwa.

Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki Dar es Salaam Mei 2011, ndiye aliyewazoesha watu wa rika langu kuona unajimu kuwa habari za hadharani, na labda ndiyo sababu tunauhukumu kwa utabiri tu, uliotimia na usiotimia. Mimi ningeuhukumu huu wa chumbani kwa kipimo kingine, nacho ni kama mteja anatoka na uamuzi wake mkononi au ameuacha mkekani. Kwa kipimo hicho dakika arobaini za kwanza za kikao hiki zinastahili ada yake, na zilizobaki zinastahili kukatazwa.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mama. Nilimweleza habari za Muscat. Aliuliza mambo mawili, mshahara ni kiasi gani na nani atampeleka kliniki kila mwezi, kisha akasema niende ikiwa nataka, na kwamba nisimfanye yeye kisingizio. Nilikaa na jibu hilo siku tatu. Niliikataa kazi kwa barua niliyoitia saini mwenyewe, Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, kwa sababu ndiyo siku niliyopata nafasi ya kupita ofisini mapema.

Jioni ile, kabla ya kuondoka kwa mama, nilimwuliza, kwa ajili ya tathmini hii, kama ana hakika nilizaliwa saa mbili usiku. Akasema hapana, saa mbili ni saa aliyofika hospitali. Mimi nilitoka kama saa tatu na nusu, umeme ukiwa umekatika, na mkunga alikuwa akitafuta kiberiti. Niliingiza saa tatu na nusu katika programu. Burji inayochomoza ikawa Kaa.