Uzoefu wangu na huduma ya kuhakiki wageni wa kampa, Mombasa

Nyota tatu kati ya tano. Huduma ninayoizungumzia ni ile inayokuja ndani ya programu ya kukodishia magari: mgeni anapiga picha kitambulisho au pasipoti, anapiga selfi, kisha mwenye gari anaona alama ya kijani au nyekundu kabla hajakubali ombi. Kampa, yaani gari la kulala safarini, yangu ni Hiace iliyobadilishwa, gia za mkono, vitanda viwili, friji, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6. Wageni wengi huelekea Diani, Watamu au Tsavo Mashariki. Kwa kumtambua mtu, huduma hii ni nzuri. Kwa kujua kama mtu huyo anafaa kukabidhiwa gari lenye kitanda ndani, alama ya kijani haikwambii lolote, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapojidanganya.

Tuanze na sifa. Selfi yake si picha ya kawaida: mgeni anaambiwa ageuze shingo kulia na kushoto, kwa hiyo picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine haipiti. Kwenye pasipoti, programu inasoma ile mistari miwili ya chini yenye herufi na alama za <<<. Hata wewe unaweza kuikagua kwa macho. Katika mstari wa pili, baada ya namba ya pasipoti na uraia, kuna tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu sita, mwaka ukitangulia. Aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1991 lazima aandikwe 910304. Inayofuata ni tarakimu moja ya ukaguzi, ambayo hupatikana kwa hesabu kutokana na zile sita. Aliyechezea tarehe ya juu akaisahau ya chini hana pa kujificha.

Inapoudhi ni kwenye majina yetu ya Pwani. Kitambulisho kinasema Mohamed, pasipoti Mohammed, leseni Muhammad, na programu inamwona ni watu watatu. Saleh na Swaleh, hali ni hiyo hiyo. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa anapigwa nyekundu mara moja. Usimkatae mtu kwa hilo: linganisha namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa kwenye hati zote, kwa sababu hizo hazina tahajia mbili. Dada anayevaa nikabu naye huzuiliwa kwenye selfi. Suluhisho ni mwanamke amtazame ana kwa ana siku ya kukabidhi gari, na dereva mwingine ahakikiwe kwenye programu mapema. Hilo programu hailiruhusu kiurahisi. Inabidi uandikie huduma kwa wateja na kungoja.

Udhaifu mkubwa ni leseni. Huduma inaangalia jina na kama leseni haijaisha muda, basi. Haisomi daraja. Leseni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zina B1 kwa magari madogo ya otomatiki na B2 kwa gia za mkono, na mwenye B1 akipewa Hiace ya gia za mkono ataiunguza klachi kwenye foleni ya feri Likoni kabla hajafika Ukunda. Omba picha ya leseni pande zote mbili ujisomee mwenyewe. Soma pia tarehe aliyoanza kuendesha, maana bima nyingi huongeza makato (sehemu ya hasara unayolipa wewe kwanza) kwa dereva mchanga au aliyepata leseni juzi. Na kama bado unatumia bima ya gari binafsi, acha kuhakiki wageni uanze na bima yako, kwa sababu hiyo haigusi gari linalokodishwa.

Baada ya kijani ndipo kazi inapoanza. Ujumbe ninaoutuma ni huu: "Karibu sana. Naomba unijulishe: usiku wa kwanza mtalala wapi, mko wangapi, nani atashika usukani, na mtavuka Likoni au mtazungukia Dongo Kundu?" Hakuna mtego hapo. Anayekwenda Diani kwa dhati ameshaiwaza feri, na hata asiyeijua Pwani atasema "nishauri". Mshauri Dongo Kundu, barabara inayokwepa feri: maji yakikupwa, njia ya kuingilia feri inakuwa na mwinamo mkali, na gari lenye mkia mrefu linakwaruza nyuma. Anayekwenda Tsavo, muulize kama ameshalipia geti kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, maana KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei noti getini. Anayetaja Lunga Lunga, kwenye mpaka wa Tanzania, mwambie mapema kama unaruhusu gari kuvuka mpaka au huruhusu, na uliandike kwenye mkataba.

Majibu ya kukushtua ni ya aina chache. Mkazi wa hapa hapa mjini anayetaka Jumamosi moja, watu wanane, na safari ni "tutazunguka zunguka tu", huyo ana sherehe. Mikanda yako minne ya usalama ndiyo jibu lake. Wa hatari zaidi ni anayetaka siku nyingi, aondoke saa hii hii, na hajauliza maji yanajazwa wapi wala friji inatumia umeme gani. Mtu asiyeuliza choo kiko wapi hatafuti kampa, anatafuta gari tu, na magari ya namna hiyo huishia yamewekwa rehani kwa mkopeshaji. Anayesema atamtuma kijana wake alichukue, kataa. Gari likikamatwa na bhangi linalala kituoni kama kielelezo hata kama wewe huna habari.

Upande wa malipo, jina linaloingia kwenye meseji ya M-Pesa liwe la dereva au la mtu aliyeorodheshwa kwenye safari. Majina mawili badala ya matatu si tatizo. Jina la mtu usiyemjua ni tatizo. Dhamana isipungue kiasi ambacho bima itakukata wewe kwanza: gari la shilingi 2,000,000 lenye makato ya asilimia 2.5 linataka dhamana ya 50,000, si 10,000 inayopendekezwa na programu. Angalia pia namna programu inavyozuia pesa kwenye kadi. Zuio kama hilo mara nyingi hufa baada ya siku saba hivi, kwa hiyo safari ya siku kumi inarudi dhamana ikiwa imeshayeyuka. Kwa safari ndefu napendelea M-Pesa, pesa ikae mkononi.

Siku ya makabidhiano, shika hati halisi, si picha ya simu, kisha mwache dereva alitoe gari kwa kurudi nyuma mwenyewe. Kampa haina kioo cha katikati cha kutazamia nyuma, kabati limeziba. Asiyezoea vioo vya pembeni utamjua kabla hajafika barabarani, na hapo bado unaweza kusema hapana.

Sijaihama huduma hii kwa sababu nakala za vitambulisho zinabaki kwao, hazirundikani kwenye WhatsApp yangu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ukizikusanya wewe, wajibu wa kuzilinda ni wako. Picha za leseni ninazoomba pembeni nazifuta dhamana ikisharudishwa. Na ukikataa ombi, kataa ndani ya programu kabla malipo hayajapita. Yakishapita, kughairi kunahesabiwa kuwa kosa la mwenye gari na tangazo lako linashushwa chini.