Kamera ya kunasa wanyama usiku: uzoefu wangu bustanini Kinole

Kwanza bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 140,000, bila betri na bila kadi ya kumbukumbu. Ni zile kamera zenye madoa ya rangi ya majani na magome; unaifunga mtini kwa mkanda, unaenda kulala, na mnyama akipita mbele yake inapiga yenyewe. Jina lililobandikwa juu yake silitaji kwa sababu halisaidii kitu. Pale dukani zilikuwepo nyingine zenye majina tofauti, lakini ukizifungua ndani vitufe ni vilevile, menyu ni ileile, hata Kiingereza kibovu cha karatasi ya maelekezo ni kilekile. Kwa hiyo ninayoyasema yachukueni kuwa ya jamii nzima ya kamera hizi za bei ya chini.

Kilichonifanya ninunue ni ugomvi. Shamba letu liko Kinole, mashariki ya milima ya Uluguru, na ni la ukoo wa mke wangu, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mimi pale ni mkwe, na mkwe huongea akiulizwa. Nyuma ya nyumba kuna bustani ya mihogo, viazi vitamu, migomba, mananasi kidogo na pilipili manga iliyopanda mitini. Mihogo ikawa inaliwa usiku. Mjomba wa mke wangu akasema ni nguruwe pori, akataka tutege waya. Jirani wa bondeni akasema hao ni watu, nguruwe gani asiyeacha mbolea. Mama mkwe akasema ni nungunungu, na hakuna aliyemjibu. Waya mimi sikuutaka: haumchagui wa kumnasa, unaweza kukuta asubuhi mbwa wa jirani ananing'inia, na isitoshe kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Nikasema ngoja kwanza tumjue mwizi.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe. Watu wengi hudhani kamera hii inamwona mnyama. Haimwoni. Chini ya lenzi kuna kidirisha cheupe, ndani yake kihisi cha joto. Mwili wenye joto tofauti na mazingira ukikatiza mbele yake, kamera inaamka na kupiga. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata. Ifunge ili mnyama akatize kutoka kushoto kwenda kulia, usiielekeze kwenye njia anayokuja nayo uso kwa uso, maana anayekuja moja kwa moja kihisi humchelewa. Ifunge usawa wa goti, si kichwani pako. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na jioni litaingia kwenye lenzi. Na mchana wa jua kali usiitarajie sana: ardhi ikishapata joto karibu sawa na la mwili wa mnyama, kihisi hakioni tofauti, huku majani ya mgomba yaliyopigwa na jua na kutikiswa na upepo yanaiamsha bure. Usiku ukipoa ndipo kazi yake inapoanza.

Namba za kwenye boksi msiziamini. Yangu imeandikwa megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 kwa kila picha. Picha zinazotoka zina ukubwa huo kweli kwa maana ya faili, lakini kihisi cha picha ndani yake ni kidogo zaidi. Programu inazijaza nukta ili namba itimie. Ukikuza sikio la mnyama unakuta ukungu. Mimi nimeishusha hadi kiwango cha chini, picha ni zilezile na kadi haijai haraka. Vivyo hivyo ile ahadi ya kupiga ndani ya sekunde 0.3. Labda maabara. Shambani mnyama anayetembea kwa haraka anakuachia mkia. Nina mikia ya kanu, yule mnyama mdogo kama paka, ya kutosha kufungua duka, yote ina pete nyeusi na nyeupe, yote inatoka nje ya picha. Dawa niliyoipata ni video fupi badala ya picha, na kuilenga kamera mahali anaposimama kufanya jambo, kwenye shina la muhogo au chini ya papai lililoanguka. Akisimama kula, huna haja ya kasi.

Mwanga wa usiku ndio jambo la kuulizia zaidi ya yote. Kamera hizi humulika kwa mwanga ambao jicho letu halioni, na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Ila zipo za aina mbili. Za nanomita 850 (ndicho kipimo cha mwanga huo) zinamulika mbali, lakini ukizitazama gizani taa zake zinaonekana zikiwa na wekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kabisa, ila zinafika karibu. Yangu ni 850, na huko ndiko kulikotokea kisa. Njia ya watu inapita kando ya bustani. Waliokuwa wakirudi usiku kutoka kwenye pombe wakaona kitu chekundu kinawaka mgombani, kinazima, kinawaka tena wanapozidi kusogea. Mtu mzima hasemi ameona nini, anasema tu kuwa njia ile siku hizi si nzuri. Habari ilipomfikia mama mkwe aliniita: "Mkwe, hiki kidude chako kitatuletea maneno. Waambie watu." Mjomba akaipeleka kamera mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaifungua mezani, watu wakajitazama wakipita njiani. Maneno yakaisha kwa kicheko. Ukinunua ya 850 kijijini, fanya hivyo kabla hujaifunga.

Basi, mwizi. Kwenye mihogo alikuwa nungunungu, tena wawili, dume na jike wanaotembea pamoja. Nungunungu huishi hivyo, jozi moja kwa miaka. Kwenye video wanaingia taratibu, pua chini, na mmoja anapita kila tuta kama karani wa kijiji anayehesabu kaya. Wanachimbua pembeni ya shina, wanatafuna mizizi, mti unabaki umesimama na majani yake hadi unaponyauka siku za mbele. Ndiyo maana hatukuwa tunaona uharibifu mapema. Sauti pia inarekodiwa, na kuna kipande ambacho mbwa anabweka mbali, yule wa nyuma anasimamisha miiba na kutikisa mkia ukalia chakachaka. Mjomba alitaka kuona kama atarusha miiba. Harushi, miiba ni nywele zilizokakamaa, humchoma anayemgusa, na yeye akikabwa hurudi kinyumenyume. Mbalamwezi ikiwa kali, kwangu hawakuonekana sana. Giza likirudi, wanarudi.

Mama mkwe alipoonyeshwa kwenye simu hakusema "niliwaambia". Aliomba tu irudishwe nyuma, akatazama tena, akarudi jikoni.

Lakini nilipoihamishia kwenye viazi vitamu, mjomba naye akapata haki yake. Nguruwe pori walikuja kundi zima na watoto wao, wakalima tuta kwa pua mpaka ukadhani limepigwa jembe. Kwa hiyo kila mtu alikuwa sahihi kwa tuta lake, na tungetibu bustani nzima kwa dawa moja tungekosa. Kwenye mihogo tumefukia mabati kuzunguka, nusu ardhini, maana nungunungu ni mchimbaji. Viazi tumevihamishia karibu na nyumba.

Wengine waliojitokeza hatukuwa na kesi nao. Fungo anapita akiwa ameinamisha kichwa, barakoa nyeusi machoni, anaokota majongoo ambayo wanyama wengi huyaacha kwa sumu yake, na papai zilizoanguka. Komba anashuka kwenye mgomba kulamba maji ya ua. Hapa kwetu mtu akizidiwa na pombe tunasema kalewa kama komba, ila huyu wangu ni mtulivu, anashika tawi kwa mikono miwili na macho yake yanawaka picha nzima. (Wanaouliza kwa nini macho yanawaka: nyuma ya jicho la mnyama wa usiku kuna utando unaorudisha mwanga.) Halafu panya buku, anayebeba mahindi mashavuni mpaka uso unavimba. Watoto wa nyumbani walimpenda kuliko wote, kwa sababu hapo Morogoro mjini, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO linafundisha panya wa jamii hiyo kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Tangu wasikie hivyo hawataki tumuwekee mtego. Mahindi yanaendelea kwenda.

Kakakuona sijampata, na wazee wananiuliza kila nikifika, maana akionekana huwekewa nafaka, maji na silaha ili atabiri mwaka. Nikimpata nitawaonyesha wao kwenye simu na itaishia hapo. Magamba yake yanawindwa, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, lakini mnunuzi haramu hahitaji zaidi ya picha yenye jina la kijiji.

Na picha moja ilimtoa mtu mwenye mkungu wa ndizi begani. Nilimtambua kwa mwendo. Nimeifuta. Jirani wa bondeni alikuwa sahihi naye, lakini kamera ya wanyama ikigeuka polisi wa mtaa, kesho haitakuwepo mtini.

Gharama iliyofichika ni betri. Inakula nane za AA. Nane za bei ya chee zinaonyesha zimejaa mchana kutwa, kisha taa za usiku zikivuta umeme mwingi kwa mkupuo kamera inazima katikati ya video. Alkaline nzuri zinadumu, ila ukizinunua mara kwa mara utaijutia bustani. Mimi natumia za kuchaji, NiMH, nazichaji kwa sola. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo alama ya betri kwenye skrini inadanganya tangu mwanzo, usiijali. Kadi nunua ya kampuni inayojulikana, GB 32 inatosha, na uiformati ndani ya kamera yenyewe. Kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu ni bei ndogo na kinakuondolea kubeba kamera nyumbani kila asubuhi.

Boksi linasema haiingii maji. Mvua haikuingia, hilo nakubali, na masika ya Uluguru si mchezo. Unyevu ndio unaoingia ukifungua mlango kubadilisha kadi alfajiri, lenzi inapata ukungu kwa ndani. Ninaweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Sisimizi walihamia sehemu ya betri na mayai yao. Buibui akisuka mbele ya lenzi, uzi mmoja ukimulikwa unang'aa na picha nzima inakuwa nyeupe. Unyasi mmoja ulio karibu unafanya hivyohivyo. Fyeka mbele yake kila unapopita.

Wanaodhani ni mchezo wa kitoto, kamera za namna hii, ingawa zenye ubora zaidi, ndizo zilizompiga picha sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, katika milima ya Udzungwa mwaka 2005, mnyama ambaye sayansi haikuwa inamjua hadi alipoelezwa rasmi mwaka 2008. Zanzibar nako, kanu wa msitu wa Jozani alipigwa picha akiwa hai kwa mara ya kwanza mwaka 2003 kwa kamera ya mtegoni.

Je, ni ya kununua? Kama una bustani au shamba linaloliwa na hujui na nani, ndiyo. Kama unataka kitu cha kufukuza wanyama, hapana. Nungunungu aliizoea siku za mwanzo tu, akawa anakula mbele yake bila hata kuinua kichwa. Kama unataka picha za kutundika ukutani, tafuta kamera nyingine na fedha nyingine. Zipo pia zenye laini ya simu zinazotuma picha papo hapo, lakini kwetu bondeni mtandao unasuasua na bando halina huruma, sikuona sababu. Hesabu yote pamoja na betri za kuchaji, chaja na kadi imekaribia 250,000. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa zile megapikseli.

Ukienda dukani, nenda na betri zako nane na kadi. Muombe muuzaji aiwashe, iwekeni mahali penye giza ili iwashe taa zake za usiku, kisha itazame kwa kamera ya mbele ya simu yako. Taa zikiwa nzima utaziona zikiwaka kwenye skrini ya simu hata kama kwa macho huoni kitu. Zikiwaka nusu yake, mrudishie na uombe nyingine. Akikataa kuijaribu, yapo maduka mengine mtaa huohuo.