Uzoefu wangu: kujifunza kuunda sauti kwa TAL-NoiseMaker

Kwa anayetaka kuelewa sauti inavyoundwa, na si kuchagua tu zilizokwisha kuundwa, TAL-NoiseMaker ndiyo sinthesaiza ya analogi pepe (programu ya kompyuta inayounda sauti kwa kuiga sinthesaiza za analogi) ninayoipendekeza kwanza. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na vipande vyake ni vichache kiasi cha kuvishika vyote kichwani: osileta tatu (zinazozalisha wimbi la sauti), filta (inayokata sehemu ya masafa), enivelopu mbili kuu zinazobadilisha kitu kadiri noti inavyoendelea (moja ya filta, moja ya ukubwa wa sauti), LFO mbili (mawimbi ya polepole ya kutikisa nobu), na athari kama korasi (ya kunenepesha sauti) na mwangwi. Sauti zilizotayarishwa zimo nyingi na ni nzuri, lakini ziache kwanza. Ukianza nazo, nobu kibao zimeshasogezwa na huwezi kujua ipi imefanya nini.

Anza na patchi tupu, yaani mpangilio wa nobu usiotayarishwa. Acha osileta ya kwanza peke yake kwenye wimbi la msumeno, shusha nyingine mbili hadi mwisho, fungua filta yote, rezonansi (mkazo pale filta inapokata) iwe sifuri, athari zote zima. Weka kipima masafa baada yake, kionyeshe sauti inayotoka. Voxengo SPAN ni ya bure na inatosha. Piga noti ya A ya 110 Hz (mitetemo 110 kwa sekunde). Utaona vilele kwenye 110, 220, 330, 440 na kuendelea, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia. Sasa badilisha uwe wimbi la mraba: 220 na 440 zinatoweka, zinabaki 110, 330, 550. Ule mlio wenye uwazi kama wa klarineti chanzo chake ni hicho, kukosekana kwa vizidisho (masafa ya msingi mara 2, 3, 4 na kuendelea) vya namba shufwa. Ukipunguza upana wa wimbi kutoka asilimia 50 hadi 25, kinachokosekana ni kila kizidisho cha nne, na mlio unakuwa mwembamba wa puani. Nusu saa ya kuangalia na kusikiliza hivi inafundisha mengi.

Filta haihitaji maelezo marefu: aina ya 24 dB (desibeli kwa kila oktavu) inakata juu kwa ukali, ya 12 dB inaacha mng'ao. Jaribu zote mbili kwa wimbi lilelile.

Kazi kubwa iko kwenye enivelopu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ina nobu nne: A (muda wa kupanda), D (muda wa kushuka), S (kiwango kinachoshikiliwa) na R (muda wa kufifia baada ya kuachia noti). Malalamiko ya kawaida ni kwamba enivelopu ya filta "haifanyi kitu". Karibu kila mara sababu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza: filta tayari iko wazi. Enivelopu inaongeza juu ya mahali ulipoiweka filta, na kama umeiweka juu, haina pa kupanda. Ishushe hadi sauti ikaribie kuzimika, kisha pandisha kiasi cha enivelopu mpaka mlio urudi. Ya pili: S iko juu kabisa. D ni muda wa kushuka kutoka kileleni hadi kwenye kiwango cha S, kwa hiyo S ikiwa kileleni hakuna mteremko, na unaweza kuzungusha D mchana kutwa bila kusikia tofauti. Kwa sauti ya kudonoa kama ya uzi wa gitaa, weka A sifuri, S sifuri, D kati ya milisekunde 200 na 400, kisha sogeza filta na kiasi cha enivelopu kwa pamoja. Ukisikia "tik" mwanzoni au mwishoni mwa noti, wimbi limekatwa katikati ya safari yake. Pandisha A au R ya sauti kwa milisekunde chache na itaondoka.

Osileta ya pili huja baada ya hapo, na ina mtego wake. Ukiitofautisha na ya kwanza kwa senti 5 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), kwenye noti ya A ya 440 Hz utasikia mawimbi yakipishana mara 1.27 kwa sekunde, na sauti inapata uhai. Shuka hadi 55 Hz kwa tofauti ileile: mzunguko mmoja sasa unachukua takriban sekunde 6. Noti ndefu ya besi inanenepa kisha inafifia bila wewe kugusa kitu, na katika wimbo inaonekana kama mchanganyo mbovu. Kwa hiyo senti hizo ziweke kwenye padi (sauti ndefu laini za nyuma) na lidi (sauti za kuongoza melodi). Kwenye besi tumia osileta moja pamoja na ile ya tatu, ambayo ni ya kushikilia chini.

Hapo hapo angalia kipimo cha ukubwa wa sauti. Mawimbi mawili yanayofanana, yakienda sambamba, huongeza 6 dB, na sikio hupenda kilicho kikubwa zaidi. Kabla ya kuamua kwamba osileta ya pili imeboresha sauti, shusha jumla ilingane na ya awali ndipo ulinganishe. Nasisitiza hili kwa sababu hukumu nyingi za "sasa imenoga" ni tofauti ya sauti kubwa na ndogo tu.

Uwezo wa TAL-NoiseMaker ni noti sita kwa wakati mmoja, kama sinthesaiza ya Juno-60 ya Roland ya 1982. Zinatosha, ila kwa padi uwe na hesabu. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya noti tatu yenye R ya sekunde 4 ikifuatwa na nyingine, nafasi zote zimejaa. Kodi ya tatu inanyang'anya noti za ile ya kwanza zikiwa bado zinafifia, na mkato unasikika. Punguza R, mkia upatikane kwenye mwangwi.

Anayetafuta piano, ngoma halisi au sauti za watu asiitafute hapa, kwani haichezi sampuli, yaani rekodi za sauti halisi. Kwa besi, lidi, padi na milio ya athari iko vizuri. Korasi yake, iliyofuata ile ya Juno, iwashe mwisho kabisa, patchi ikiwa tayari inasimama yenyewe: ni tamu mno kiasi cha kuficha filta iliyowekwa vibaya.