TAHADHARI: Wauzaji wa "lami iliyobaki" wanapita kwenye maegesho ya makanisa na maduka yetu Minnesota

Ndugu zangu wa Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, hasa wazee wa makanisa, kamati za misikiti na ninyi wenye maduka na vituo vya kulea watoto: kuna watu wanapita kwenye maegesho yetu wakiuza kazi ya kupaka lami, na kazi hiyo ni wizi. Huanza kuonekana Mei, ardhi ikishapata joto, na huendelea hadi Septemba. Wanakuja na pikapu yenye tangi nyuma. Ubavuni hakuna jina la kampuni, au kuna kibandiko cha sumaku kinachobanduka kwa mkono, na namba za gari ni za jimbo jingine. Anashuka mtu mchangamfu, anasalimia vizuri, anasema wamemaliza kazi hapo jirani na wamebakiwa na dawa ya kupaka. "Badala ya kurudi nayo nitakupa bei nzuri, lakini iwe leo."

Ukisikia habari ya kubaki, kata mazungumzo hapo hapo.

Nasema hivi kwa sababu hii ndiyo kazi inayonilisha. Nipo kwenye kikosi kinachopaka maegesho mpako wa kinga, ule mweusi ambao mafundi huuita silikoti. Juzi alinipigia mzee wa kanisa moja la ndugu zetu kaskazini mwa Minneapolis: "Kijana wangu, hebu pita uangalie, maana viatu vya watu vinanata." Nilikuta eneo zima jeusi linang'aa, na zulia la mlangoni limejaa nyayo za mafuta. Niliumia sana. Pesa ile ni michango ya watu wanaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee, watu ninaowajua kwa sura.

Walivyopigwa ni hivi. Waliambiwa bei ni senti 60 kwa futi ya mraba. Wakaonyeshwa kwa mkono sehemu ya mbele ya mlango, kama futi 1,500, ikaja dola 900, na wazee wakaona si mbaya. Hakuna kilichoandikwa. Wale watu walipoanza kumwaga hawakuishia mlangoni. Walipaka eneo lote, futi 12,000, kwa muda usiotosha hata kufagia vizuri, kisha wakadai dola 7,200. Mzee alipokataa, yule mchangamfu alibadilika sura: kazi imeshafanyika, ataita polisi, ataliwekea jengo zuio la deni. Wenzake wakasogea, wakamzunguka. Hundi ikaandikwa kwa jina la mtu binafsi na ikalipwa benki siku ile ile. Namba ya simu waliyoiacha haipokelewi.

Sasa nieleze kwa nini maneno yao hayana ukweli, maana ukijua kazi inavyokwenda huhitaji kubishana nao.

Kwanza, hakuna fundi wa kweli anayebakiwa na lami ya kuuza mlango kwa mlango. Lami ya moto, ile ya kumwagwa na kushindiliwa na roli, hutoka kiwandani ikiwa na joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi. Ikishuka hadi karibu 80 haishindiliki tena, na ikipoa kabisa imekuwa jiwe. Mkandarasi huagiza tani kwa hesabu ya eneo alilopima, na akizidisha kidogo, kidogo hicho hakitoshi maegesho ya kanisa. Mpako wa kinga nao hauozi kwa siku moja. Ni maji, gundi ya lami na udongo laini vilivyokorogwa pamoja, na vikibaki hurudi kwenye tangi la karakana, asubuhi vinakorogwa tena na kazi inaendelea. Hiyo haraka ya "iwe leo" haitoki kwenye dawa. Inatoka kwao, wasije wakakutwa bado wapo mjini.

Pili, fanyeni hesabu ya galoni. Galoni moja ya mpako ulio sawa hufunika kati ya futi za mraba 60 na 100 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kutegemea lami imekwaruzika kiasi gani. Chukua 80. Futi 12,000 zinataka galoni 150 kwa mkono wa kwanza, na kazi ya maegesho yanayopitwa na magari kila siku inataka mikono miwili, kwa hiyo galoni kama 300. Mzee aliniambia tangi lao lilikuwa na ukubwa wa mapipa mawili hivi, na pipa la kawaida ni galoni 55. Basi kilichomwagwa kilikuwa nini? Maji kwa wingi, na kwa ile harufu na ule mng'ao, oili chafu ya injini. Kuongeza maji kidogo si kosa, hata mtengenezaji huandika kipimo chake kwenye maelekezo. Lakini mpako ukigeuka chai ya rangi, mvua ya kwanza inausomba hadi kwenye mtaro, na mitaro ya barabarani huku kwetu haipiti kwenye mtambo wa kusafisha maji. Inamwaga moja kwa moja kwenye maziwa na mito yetu, huko huko watoto wanakoogelea.

Oili chafu ndiyo inayoniudhi zaidi. Lami ni kokoto na mchanga kwa karibu asilimia 95 ya uzito wake. Kilichobaki ni ile gundi nyeusi inayoshika kila kitu pamoja, na gundi hiyo ni zao la petroli. Mafuta ya petroli huilainisha na kuiyeyusha. Ndiyo maana chini ya gari linalovuja oili utaona lami imekuwa tope na kokoto zinang'oka. Kwa hiyo mtu anayekupakia oili chafu au dizeli hakuachi pale ulipokuwa. Amekurudisha nyuma, na fundi atakayekuja baadaye itabidi akwangue na kuosha kwanza, maana mpako mzuri haushiki juu ya mafuta.

Kupima ni rahisi. Subiri siku mbili bila mvua, halafu futa kwa kitambaa cheupe. Mpako uliokauka haung'ai, una mkwaruzo wa mchanga ukiukanyaga, na kitambaa hakitoki na grisi. Mwagia maji kidogo: ukiona rangi za upinde wa mvua zinaelea juu, hayo ni mafuta.

Nisieleweke vibaya, sisemi msipake. Kwenye jimbo lenye baridi kama hili mpako wa kinga ni kazi ya maana. Jua na hewa hukausha ile gundi, lami inatoka kwenye weusi inakuwa kijivu, inakuwa ngumu na kupasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, usiku yanaganda, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, yakisukuma kuta za ufa. Mchana yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi, usiku yanaganda tena. Hivyo ndivyo ufa wa Oktoba unavyokuwa shimo Aprili. Ukipaka kila baada ya miaka mitatu hivi, na kuziba nyufa kila mwaka zinapojitokeza, lami inaishi muda mrefu zaidi. Lami mpya isipakwe mara tu baada ya kumwagwa, iachwe miezi kadhaa ikomae. Wala isipakwe kila mwaka. Kuna wanaouza mpango wa "kila msimu" kwa malipo ya mbele, na mwishowe unakuwa na tabaka juu ya tabaka linalobambuka.

Lakini mpako ni ngozi tu, hauna nguvu ya kubeba kitu. Ukiona mahali nyufa zimesukana kama magamba ya mamba, ujue msingi wa changarawe chini umelegea, na hakuna rangi nyeusi itakayoutibu. Pale panakatwa, panachimbwa, msingi unashindiliwa upya, kisha lami mpya inamwagwa. Tapeli hupita juu yake na fagio lake, panapendeza kwa wiki chache, na malori ya taka yakipita mara mbili tatu magamba yanarudi. Kanisa nililoliona lilikuwa na sehemu mbili za namna hiyo karibu na pipa la taka. Hata nyufa za kuingiza kidole hazikuzibwa, majani yalipakwa yakiwa yamesimama humo humo.

Fundi wa kweli utamjua kwa mwanzo wake. Anakuja bila tangi, ana kipimo cha gurudumu mkononi, anatembea eneo lote na kuandika. Anakuuliza maji yanatuama wapi. Bei anakutumia kwa maandishi, ikionyesha futi za mraba, aina ya mpako, mikono mingapi, nyufa atazijaza kwa kitu gani, na mistari ya maegesho itachorwa upya na nani. Siku ya kazi anatumia muda mwingi kwenye kusafisha, kung'oa majani, kuondoa madoa ya oili na kuziba nyufa kwa mpira ulioyeyushwa kwa moto kuliko kwenye kupaka. Anafunga nusu ya eneo ili shughuli zenu zisisimame, na hakuruhusu kupitisha gari mpaka saa 24 hadi 48 zipite. Hapaki mvua ikitabiriwa wala joto likiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Akikubali kupaka asubuhi ya baridi ya Oktoba kwa sababu umebembeleza, mwache.

Hiyo mistari nayo isidharauliwe. Wenye maduka, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu inadai maegesho yenye nafasi 1 hadi 25 yawe na angalau nafasi moja ya mlemavu, yenye njia ya pembeni ya kushushia kiti cha magurudumu. Tapeli hufunika alama zote kwa mweusi na kuondoka. Mteja akikosa pa kushukia, anayedaiwa ni wewe.

Kuna jambo jingine, na hili ni la afya. Ukinusa harufu kali ya vidonge vya naftalini vya kabatini wakati wanapaka, simamisha kazi. Huo unaweza kuwa mpako wa lami ya makaa ya mawe. Wataalamu wa idara ya jiolojia ya Marekani waliupima wakakuta una kemikali za jamii ya PAH, nyingine zikiwa za kusababisha saratani, karibu mara 1,000 kuliko mpako unaotokana na petroli. Vumbi lake huingia ndani ya majengo kwa viatu. Jiji la Austin huko Texas liliupiga marufuku kuanzia 2006, na Minnesota jimbo zima tangu Januari 2014. Majimbo mengi bado yanauruhusu, ndiyo maana wazururaji hawa wanaweza kuja nao kutoka mbali. Kwenye kituo cha watoto wanaotambaa hili si la kufumbia macho.

Kuhusu sheria, wengi wanaambiana kwamba una siku tatu za kubadili mawazo. Ni kweli kwa nyumba yako. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inakupa haki ya kuvunja mauziano yaliyofanyika nyumbani kwako, ya dola 25 au zaidi, hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi, na muuzaji anapaswa kukupa fomu ya kuvunja na mkataba kwa lugha aliyotumia kukuuzia. Lakini kanuni hiyo inalinda manunuzi ya matumizi binafsi na ya familia. Maegesho ya duka au ya kanisa usitegemee kuwa yamo. Wazee, hili mlishike: kinga yenu ipo kabla ya tone la kwanza kumwagwa. Hakuna mzee mmoja kukubali kazi peke yake uani. Kamati ikae, bei tatu zilinganishwe, jina la kampuni litafutwe bure kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, ofisi inayosajili kampuni, na cheti cha bima kithibitishwe kwa kupiga simu kwa kampuni ya bima yenyewe, si kwa namba anayokupa fundi.

Wakiwa wameshaanza bila ruhusa, piga picha za gari, namba zake, tangi na nyuso zao, na useme mbele ya mashahidi kwamba hukuagiza. Wakitishia kuita polisi, waite wewe. Zuio la deni kwenye jengo lina taratibu zake za maandishi, haliwekwi kwa kufokeana. Usilipe taslimu, na Zelle, ile ya kutuma pesa kwa simu, usiiguse, pesa ikishatoka huko ni vigumu kuirudisha. Kama hundi imeandikwa na bado haijalipwa, piga benki dakika hiyo hiyo isimamishwe. Halafu peleka malalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota na kwenye ReportFraud.ftc.gov. Yule mzee alikuwa anaona aibu kuripoti, tukakaa naye mezani na binti yake tukajaza fomu pamoja, tukaambatanisha picha ya hundi.

Mlio Ohio, Texas au kokote penye jumuiya zetu, mbinu ni hizi hizi, ulizeni sheria za jimbo lenu tu. Na ukiwa umepewa bei na huna uhakika nayo, nitumie urefu na upana wa eneo, idadi ya mikono waliyoandika, na picha za nyufa zilizopigwa kwa karibu. Nitakujibu jioni nikitoka kazini, na sitakutoza kitu.