Uzoefu wangu na MinION na MiSeq hapa Moshi

Nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti hapa Moshi, upande wa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Nimetumia mashine mbili za kusoma vinasaba, MiSeq ya Illumina na MinION ya Oxford Nanopore, na kwa kazi ya bakteria naipa MinION nafasi ya kwanza.

Inaenea kiganjani, haifiki hata gramu 100, na unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Mwaka 2015 watafiti waliibeba kwenye mabegi hadi Guinea, wakasoma virusi vya Ebola mlipuko ukiwa bado unaendelea. Uzi wa DNA hupenya kwenye kitundu kidogo mno, mkondo wa umeme hubadilika kufuatana na herufi zinazopita (A, C, G na T, zinazounda DNA), na kompyuta inazitambua. Husoma maelfu ya herufi kwa mkupuo, wakati MiSeq inaishia herufi 300 kila upande wa kipande. Kwa bakteria kama Klebsiella hapo ndipo penye faida. Jeni za usugu mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA vilivyo kando ya DNA kuu ya bakteria, katikati ya sehemu zinazojirudiarudia. Vipande vifupi vinakwambia jeni ipo. Vipande virefu vinakuonyesha ilipo, na kama iko kwenye plasmidi ujue inaweza kuhamia kwa bakteria wengine wodini.

Ugumu uko kwenye floseli, kile kisahani chenye vitundu. Adui yake ni hewa. Kabla ya kuingiza chochote, vuta nyuma kidogo kwa pipeti mpaka uone bafa, kile kimiminika cha njano kilichomo ndani, inachungulia, kisha sukuma taratibu na usimalize tone la mwisho. Povu moja likipita juu ya vitundu, vilivyoguswa vimekufa, havifufuki. Sampuli nayo idondoshe tone kwa tone.

Kwa usahihi wa herufi mojamoja bado naiamini MiSeq. MinION hujikwaa pale herufi moja inapofuatana mara nyingi, ingawa floseli za toleo la R10 zimepunguza sana tatizo hilo. Lakini MiSeq ikisoma vipande virefu vyake hukaa zaidi ya siku mbili mfululizo, na umeme wetu mnaujua. Bila UPS (betri ya akiba) ya uhakika usiiwashe.

RNA, nakala ambayo seli huitoa kwenye jeni inapoitumia, ni habari nyingine kabisa. DNA inasema bakteria ana silaha gani. RNA inasema anatumia ipi saa hii. Nayo huharibika upesi, kwa sababu hata vidole vyetu vina vimeng'enya vya kuikata. Badilisha glovu kila mara, futa meza, weka tyubu kwenye barafu, hifadhi kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Halafu sehemu kubwa ya RNA ya seli ni ya ribosomu, viwanda vya protini vya seli, na haisemi jeni ipi inatumika, lazima uiondoe. MinION inaweza kusoma RNA yenyewe bila kuigeuza DNA, jambo zuri sana, ila RNA ya bakteria unapaswa kwanza kuiunganishia mkia wa herufi A, na inahitajika nyingi. Kwa kuhesabu jeni ipi inafanya kazi kiasi gani, mimi naigeuza DNA na kuipeleka MiSeq. Mamilioni ya vipande vifupi yanatosha.

Ukiamua MinION, agiza floseli sampuli zikiwa tayari. Hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, haziruhusiwi kuganda, na muda wake ni mfupi. Kama sampuli ni chache, osha floseli uitumie tena.