Vifaa janja vya kupunguza umeme na maji nyumbani: kipi kianze, kipi kisubiri

Ukiulizia kifaa janja cha nyumbani, cha kwanza kuonyeshwa ni balbu inayobadilisha rangi. Inavutia, lakini kwa anayetaka matumizi ya umeme na maji yashuke, ningeiweka mwisho wa foleni. Nimevipanga vifaa hivi kwa swali moja: kinagusa kitu kinachokula sana, au kinakipamba kinachokula kidogo?

1. Plagi inayopima umeme

Anza na hii. Unaichomeka kwenye soketi, friji unalichomeka kwake, na simu inakuonyesha wati za sasa hivi na uniti za siku nzima. Soma boksi kwanza: nyingi zinawasha na kuzima tu, hazipimi, na kwa sura huwezi kuzitofautisha.

Yangu niliiweka kwenye friji la zamani nikitarajia mstari unaopanda na kushuka, maana mota ya friji hufanya kazi kisha hupumzika. Nikakuta mstari umenyooka karibu usiku kucha. Nikabana karatasi mlangoni, nikaivuta, ikatoka bila ubishi: mpira wa mlango ulikuwa umechoka. Tulipoubadilisha, friji likaanza kupumzika tena. Plagi yenyewe haikuokoa hata wati moja, ilisema tu.

Moja inatosha, ihamisheni kila wiki. Ila ya ampea 13 kwenye volti 230 mwisho wake ni kama wati 2,990, na huo ni ukomo, si mzigo wa kushinda nao. Hita ya maji usiipitishe humo.

2. Swichi ya hita yenye ratiba

Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula kama uniti 2.3. Kwa umeme huo, balbu ya LED ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 250. Ndiyo maana hita iko juu hivi kwenye orodha.

Swichi hii hufungwa na fundi umeme, na ampea zake zizidi za hita. Inawasha kabla ya watu kuoga, inazima wakishamaliza, na tangi haliendelei kuyapasha tena maji yasiyo na mwenyewe mchana kutwa. Kama hita yako ni ile inayopasha maji yakipita bombani, ruka kipengele hiki. Ukifunga bomba nayo imezima. Na punguza saa, siyo joto: kila inapowaka iache ifike nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu.

3. Kipima maji chenye koki inayojifunga

Thamani yake huonekana usiku. Saa nane watu wamelala, hakuna aliyefungua bomba, kwa hiyo namba inapaswa kuwa sifuri. Isipokuwa sifuri, kuna kinachovuja, na mshukiwa wa kwanza ni choo. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Bomba likipasuka mkiwa safarini, koki inafunga maji yenyewe.

Kama maji yenu hupitia tangi la juu, kipima kikae baada ya tangi, la sivyo kitahesabu maji yanayolijaza. Kazi hii inamtaka fundi bomba. Kabla hujamwita, jaribu la bure: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji kwa dakika 10, kisha chungulia bakuli. Ukiiona rangi, choo kinavuja, na mara nyingi ni mpira wa ndani tu wa kubadilisha.

4. Kipima cha nyumba nzima

Vibanio vyake huzunguka waya mkuu ndani ya boksi la umeme. Mwenye sola akipandishe hadi nafasi ya pili, maana kinamwonyesha saa ambazo sola ina umeme wa ziada, na hizo ndizo za kufua na kupiga pasi. Kwa wengine, jumla pekee haimtaji mkosaji, na kikijaribu kubahatisha ni kifaa gani, hukosea mara nyingi.

5. Kidhibiti cha kiyoyozi

Kwa wenye kiyoyozi kinachosahaulika kikiwaka chumba kitupu. Wengine pita.

6. Balbu janja

LED ya kawaida imeshamaliza kazi: wati 9 mahali pa 60. Ile janja ikiwa imezimwa bado husubiri amri, na nusu wati ya kusubiri ni kama uniti 4.4 kwa mwaka. Ukiiwasha saa moja tu kwa siku, itakula zaidi ikiwa giza kuliko ikiwaka.

Kabla ya kulipa, tafuta nembo ya Matter, mfumo uliotoka 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. Kisha muulize muuzaji: intaneti ikikatika, ratiba inaendelea? Akisita, rudisha boksi kwenye rafu.