Uchambuzi wa Chemiclean kwa tangi la maji chumvi hapa Mbeya

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni Chemiclean, poda ya kampuni ya Boyd Enterprises ya Marekani, inayotumika kuondoa ule ute mwekundu unaotanda juu ya mchanga na mawe ndani ya tangi la samaki wa maji chumvi. Maoni yangu nayatoa mapema: poda hii inafanya kazi iliyokusudiwa, lakini katika maelekezo yake limo sharti moja ambalo kwetu sisi wa nyanda za juu lina uzito mkubwa kuliko kwa mfugaji wa pwani, nalo ni kuingiza hewa ndani ya maji muda wote dawa inapofanya kazi.

Kabla ya kununua, hakikisha unajua unachopambana nacho. Ute mwekundu si mwani hasa, bali ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Tazameni hapa ninapopitisha mpira wa kunyonyea maji: utando unabanduka kama ngozi, vipande vipana, na mchanga ulio chini yake unabaki mweupe. Mwani wa kijani wenye nyuzi umeshika jiwe, ukiuvuta unakatika, na poda hii si dawa yake. Wapo pia dinoflagelata, viumbe wadogo wa seli moja, ambao huonekana kama kamasi ya kahawia yenye viputo. Ukiwa na shaka, chota ute kidogo pamoja na maji ya tangi katika chupa, utikise mpaka usambaratike, uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha uyaache maji yaliyopita kwenye mwanga kwa muda wa saa moja. Nyuzi zikijikusanya upya, hao ni dinoflagelata, na hupaswi kutumia poda hii kwa ajili yao.

Kipimo ni kijiko kimoja kidogo, kile kinachokuja ndani ya kifurushi, kwa kila lita 38 za maji. Hapa wengi huzidisha kwa kupima kioo badala ya maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kina cha 40 lina nafasi ya lita 192, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe yanaweza kuwa lita 150 tu, yaani vijiko vinne na si vitano. Ondoa mkaa wa kichujio, zima taa ya UV inayoua vijidudu majini, na uzime skima, yaani kifaa kinachotoa uchafu kwa povu la hewa, kwa sababu poda hii huifanya itoe povu hadi lifurike.

Sasa nirudi kwenye hewa. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na usawa wa bahari. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 yanaweza kubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita kule pwani. Hapa kwetu ni kama 5.5. Baridi ya Juni na Julai haitusaidii, kwa kuwa hita inayashikilia maji kwenye nyuzi zile zile. Bakteria wanapokufa na kuoza hutumia oksijeni, tena wakati ambapo skima, iliyokuwa ikiingiza hewa, imezimwa. Kwa hiyo weka vijiwe vya hewa, vile vinavyotoa viputo majini, viwili badala ya kimoja, elekeza pampu ivuruge uso wa maji, anza asubuhi ili uwaone samaki mchana kutwa, na uwe na pampu ya hewa ya betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku katika saa 48 ambazo dawa hukaa majini, samaki hawatakusubiri. Ukiwaona wanahema juu ya maji, usingoje muda utimie: ongeza hewa na ubadilishe maji mara moja.

Baada ya saa 48 badilisha asilimia 20 ya maji. Kwa lita 150 hizo ni lita 30, zinazohitaji chumvi ya bahari kilo moja na ushee, na ni lazima maji hayo yawe yamechanganywa na kupashwa joto kabla hujafungua kifurushi.

Poda haiondoi fosfeti wala mabaki ya chakula yaliyowalisha bakteria hao. Suuza chakula cha barafu kabla ya kulisha, jazia maji yaliyochujwa kwa RO (mtambo wa utando unaoondoa chumvi na uchafu), sogeza pampu ili pasiwe na kona iliyotulia, na upime: fosfeti kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita, naitreti, kirutubisho kingine, kati ya 2 na 10. Usizishushe hadi sifuri, maana hapo ndipo dinoflagelata hupata nafasi. Kama ute ni vipande vichache tu, mimi ningeunyonya kwa mpira wiki kadhaa huku nikirekebisha hayo, na fedha ya Chemiclean ningenunulia kipimo cha fosfeti.